Plasta Tatu kwenye Ukuta wa Chini

Mwanangu, nakumbuka alasiri moja ya mvua ndefu kule Homa Bay, miaka ya tisini, nilipopiga plasta ya tatu kwenye ukuta niliojua fika kwamba unapinda. Nyumba niliijenga mwenyewe mtelemkoni, chumba cha chini kikiwa nusu ardhini. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya uashi juzijuzi, na kwa majivuno yangu ungedhani mimi ndiye niliyeufundisha mlima kusimama. Nilimwambia mke wangu, Atieno, kwamba viboko wote wa ziwani wakiuegemea ukuta ule, hautatikisika.

Mvua za kwanza zilileta ufa wa kulala, katikati ya ukuta, toka kona hadi kona. Kisha matofali yakaanza kutokeza ndani kama tumbo. Atieno alishonea nguo za watu mle, na binti yetu mchanga, Akoth, alilala mchana kwenye mkeka chini ya ukuta huohuo, kwa sababu ndiko kulikokuwa na ubaridi. Nami sikusema neno. Ningesemaje, baada ya wale viboko? Nilipiga plasta, nikapaka chokaa, nikadai nataka nyumba ipendeze. Kila wingu lilipotanda upande wa ziwa, nilisukuma sahani kando. Nilikonda hadi mshipi ukanizunguka mara mbili. Mara tatu, nikikumbuka vizuri.

Alasiri ile ya plasta ya tatu alikuja Mzee Chacha kuchukua suruali yake. Alikuwa amechimba dhahabu kwenye machimbo ya Masara tangu ujana, na alikuwa amezika wenzake kadhaa. Alisimama mlangoni, hakuingia. Aliutazama ukuta, akamtazama mtoto aliyelala, akaniambia taratibu, "Kijana, ukuta wako una mimba, na wewe unaushonea gauni. Mtoe mtoto kwanza."

Atieno alimnyanyua Akoth, akatoka naye nje. Mimi na mzee tukaleta magogo, tukautegemeza ukuta jinsi wanavyotegemeza shimo la dhahabu. Huku akigonga kabari alinieleza kwamba udongo wetu mweusi ukinywa maji huvimba, na pale haukuwa na pa kwenda ila ndani kwangu. Tulipozunguka nyuma, nikaona aibu yangu: gata ya paa ilimwaga maji yote palepale, nyuma ya ukuta. Nilikuwa naunywesha udongo kwa mkono mmoja na kupiga plasta kwa mkono wa pili.

Hata jembe la kuyageuzia maji hatujashika, mvua ikashuka. Tulisikia mlio mmoja mzito, kama gunia limeangushwa. Magogo mawili yalishika. La tatu liliteleza, na kipande cha ukuta kikamwagika juu ya mkeka. Plasta yangu ilikuwa bado mbichi.

Atieno aliuliza jambo moja tu. "Baba Akoth, ulijua tangu lini?"

"Tangu Pasaka," nikasema.

Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa mama yake kule Asumbi. Alirudi baada ya mimi kuchimba udongo wote ule, kujenga ukuta upya kwa nondo na nguzo za kuuegemeza, kujaza kokoto nyuma yake na bomba la kutolea maji, na kuipeleka gata mbali. Hata hivyo hakutandika mkeka. Alichukua timazi mwenyewe, akapima ukuta kona hadi kona, na mpaka leo mvua kubwa ikinyesha hushuka kupima. Sijawahi kumlaumu.

Basi, mwanangu, ukiona ukuta umepinda, watoe watu kwanza. Usichimbe nyuma yake kabla hujautegemeza, na mtafute fundi anayekushinda ujuzi. Tafuta maji yanatoka wapi, maana ukiyaacha, hata ukuta mpya utapinda. Na ile hofu uliyo nayo, waambie wanaolala humo siku hiyohiyo, hata kama ulijisifu mbele yao. Mimi karibu nimzike mtoto kwa sababu ya kuona haya.

Mungu akujalie nyumba kavu, jicho la kuona ufa ungali mwembamba, na ulimi mwepesi wa kuutaja. Na wote watakaolala kwako, waamke salama.