Koti la Kahawia

Dada yangu Lidwina ni mpishi wa shule hapa Songea, na akiona koti la mtumba hajiwezi. Baridi ya Juni ikianza, anakwenda sokoni kununua vitunguu, anarudi na koti. Eti makoti yanamtazama. Kabatini yalining'inia tisa, mabega wima kama watu wanaosubiri kuitwa. Mwaka jana nilichoka. Nikamsimamia akayapeleka yote kanisani kwa ajili ya wahitaji, akaapa hatarudia.

Juzi tulikwenda sokoni pamoja. Akasimama ghafla mbele ya koti la kahawia.

“Dorine, hili linanijua,” akaninong'oneza.

“Acha upuuzi wako!” Nilichelewa, alishalipa.

Njiani akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa. Mwandiko ulikuwa wake kabisa: “Lidwina, hili ulishalinunua.”

Akaapa hajawahi kuandika maneno yale. Nikampokonya karatasi kwa hasira, nikaigeuza. Nyuma palikuwa na mstari mwingine, wino wake mbichi, ukanichafua kidole: “Na Dorine leo kanunua nini?”

Nikaubana mfuko wangu kwapani. Ndani mlikuwa na chupa mpya ya chai. Ya nne.