Ndani ya Kichwa cha Mama Nakhumicha

Muulize mtu yeyote wa mtaa wa Munyaka kazi ya Leonida Apondi, atakuambia ni daktari wa kompyuta, na hapo atakuwa amepata nusu. Leonida hajawahi kumdunga mtu sindano. Damu yenyewe ilimfanya ageuze uso miaka ya kwanza alipoanza kuingia thieta, chumba cha upasuaji. Kazi yake ni picha. Anachukua skani za kichwa cha mgonjwa, zilizokatwa slesi slesi kama mkate wa dukani, anaziunganisha mpaka kichwa kizima kinasimama, kisha anakitia ndani ya miwani mizito anayovaa mpasuaji. Mpasuaji akimtazama mgonjwa, anaona picha imelala juu ya kichwa chenyewe, na uvimbe unaonekana humo ndani kana kwamba mfupa haupo. Haya mambo, jamani, ukiyaona mara ya kwanza unajishika mdomo.

Leonida mwenyewe hajayazoea. Huu ndio utafiti wake tangu amalize chuo, lakini mishipa inapojitokeza hewani, myembamba, imejipanga bila kupangwa na mtu, mwili wote unamsisimka. Humtaja Mungu kwa Kijaluo, polepole, halafu anaendelea na kazi.

Mwaka jana akaletewa Mama Nakhumicha, mkulima wa viazi kutoka Ainabkoi, na mdomo alikuwa nao. Huyo mama angeweza kukuuzia viazi vyako mwenyewe na ukamshukuru. Sasa uvimbe ulikuwa umekaa kando ya pale ubongo unapotunga maneno. Daktari Kipyego, mpasuaji, hakumficha: kisu kikienda kando kidogo tu, ataamka hana usemi. Mama akamshika Leonida mkono na kumwambia afadhali wangemkata mguu.

Siku moja kabla ya upasuaji, Leonida alimbandika stika ndogo kwenye kichwa kilichokuwa kimeshanyolewa, kisha akampeleka kwenye skani. Kompyuta hutumia stika hizo kulinganisha picha na kichwa, kwa hivyo zikisogea, picha nayo inasogea. Akawaonya wauguzi wasiziguse. Watu wa kanisa hakuwafikiria hata kidogo.

Asubuhi yake kila kitu kilikuwa tayari. Mgonjwa amelala kwa dawa, kichwa kimebanwa, Kipyego ana kalamu ya kuchora pa kukata. Kompyuta ikasoma stika, ikakubali. Lakini Leonida ana mazoea yake, na madaktari humcheka kwa ajili hiyo: kabla uso wa mgonjwa haujafunikwa, yeye huvaa miwani kwanza na kuangalia pua. Pua ya picha lazima ikae juu ya pua ya mtu. Siku hiyo ilikuwa imekaa shavuni.

"Daktari, usikate," akasema. "Hii picha inadanganya."

Kipyego si mtu wa kucheleweshwa. Alimtazama, akaweka kalamu chini, akamwambia akatafute sababu upesi.

Nje kwenye benchi alikuwa Nekoye, dada mkubwa wa mgonjwa. Leonida alijikaza asipandishe sauti, akamuuliza kama kuna mtu aliyegusa kichwa. Nekoye akaeleza yote bila wasiwasi. Jioni akina mama wa kanisa walikuja kumwombea, wakampaka mafuta ya upako, tena mengi, maana ugonjwa ni mkubwa. Vile vitu vikateleza. Basi wao, watu wenye adabu zao, wakaviokota, wakavipangusa vizuri, wakavirudisha kila kimoja walipokumbuka kilikuwa. Alipouona uso wa Leonida, alisimama.

"Kwani tumemuua?"

"Hapana, Mama. Umeniambia mapema."

Hasira ilimwisha palepale, maana nani angemkasirikia mtu aliyeombea ndugu yake? Akarudi ndani, akabandua stika zote. Akachukua kijiti cha kuelekezea, ambacho kompyuta hukiona kila kinapogusa, akaanza kukigusisha kwenye mifupa: pembe za macho, daraja la pua, tundu la sikio, vitu ambavyo mafuta hayasogezi. Picha ikayumba, ikasita, ikatulia. Pua juu ya pua.

Kisha akaangalia ndani. Uvimbe ule, na kando yake mahali pa maneno, alipokuwa amepapaka rangi ya samawati. Lo! Pangefunikwa na kidole gumba. Bei zote alizowahi kutaja mama huyu, nyimbo, matusi, majina ya wanawe, vyote vilitokea hapo padogo. Leonida aliogopa kuvuta pumzi. Akavua miwani, akamvalisha Kipyego, naye akasema kwa sauti ya chini kwamba anapaona. Ndipo akakata.

Kesho yake Mama Nakhumicha alifungua macho. Kipyego akamuuliza jina lake. Midomo ikacheza, hakuna kitu. Akamuuliza tena. Nekoye alikuwa ameanza kulia pale mgonjwa alipomgeukia Leonida.

"Ni wewe uliona huko ndani?" Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza, lakini ni yake.

Leonida akaitikia kwa kichwa.

"Kukoje?"

Leonida alifungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena. Machozi yalikuwa yanamtoka tu. Mama Nakhumicha alimngoja, alimngoja sana, mwishowe akamgeukia dada yake.

"Nekoye," akasema, "huyu naye aombewe."