Jumapili Mbio, Jumatatu Lori

Kunapambazuka, na mvua ya Tipperary haijaamua kama inanyesha au inatania. Bríd Tuohy ameinama ubavuni mwa farasi mwekundu, anamfuta tope miguuni kwa kipande cha gunia. Farasi anageuza shingo, anamvua kofia kwa meno na kuitupa kwenye ndoo ya maji.

"Haya, umefurahi?" Bríd anamwambia bila kuinua kichwa. "Mjinga wewe. Na mimi mjinga zaidi, ninayeivaa kila siku."

Kwenye ratiba ya mbio farasi huyu anaitwa Clonmoyle Star. Hapa zizini anaitwa Kiazi, maana alipoletwa akiwa na umri wa mwaka mmoja alikuwa mfupi, mnene, hana mbele wala nyuma. Leo wacheza kamari wa kijiji chetu cha Ballinroe hawana habari nyingine. Jumapili hii atakimbia mbio ya nne katika uwanja wetu. Ardhi itakuwa imelowa, naye tope analipenda. Mpinzani wake wa kweli ni farasi jike mweusi kutoka Kilkenny, lakini huyo waandaaji wamembebesha uzito mkubwa ili kusawazisha mbio, na kwenye ardhi laini miguu humwishia mapema. Gazeti hili linampa Kiazi ushindi.

Bríd hapendi kabisa utabiri huo.

"Nyinyi andikeni mtakavyo," anasema. "Mimi namwombea awe wa nne."

Si kwamba hampendi. Kiazi ni mali ya kikundi cha wanywaji wa baa ya kijijini. Akishika mkia, watamchoka na kumtupa kwa bei yoyote. Akishinda, mawakala wa matajiri wa ng'ambo watamwona. Nafasi ya nne haimpendezi mtu wala haimuudhi mtu, na farasi wa nafasi ya nne hubaki nyumbani.

Bríd ana miaka hamsini na saba. Alianza kazi hapa akiwa binti wa miaka kumi na sita, enzi za mzee Minogue, baba wa mkufunzi wa farasi wa sasa. Ameshavunjwa mbavu mara mbili, na kidole kimoja kilibaki mdomoni mwa farasi ambaye mpaka leo anamtetea. Mshahara wake wa wiki ni euro mia tano na kidogo, na nusu inakwenda kwenye kodi ya nyumba. Hakuolewa. "Nani angevumilia harufu hii?" anauliza, na anacheka peke yake.

Kinachomtisha anakijua. Miaka sita iliyopita alimlea farasi aitwaye Rathcool, aliyeshinda hapa Ballinroe kwa kuwaacha wenzake mbali. Mwezi haukuisha, akapakiwa ndege kwenda Hong Kong. Magazeti, hili letu likiwemo, yaliandika kwamba ni fahari ya kijiji. Huko mmiliki mpya akampa jina jipya, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Bríd ni jina gani.

"Nilikuwa naangalia mbio za huko kwenye simu ya mpwa wangu," anasimulia. "Natafuta farasi wa kahawia mwenye mguu mmoja mweupe. Unajua wako wangapi? Nikampata mmoja, nikamshangilia mwaka mzima. Nilinunulia baa nzima vinywaji aliposhinda. Kumbe ni farasi wa New Zealand!"

Baa nzima ilicheka, na hata sasa wakimwona wanamuuliza habari za New Zealand. Naye hucheka nao. Lakini Rathcool mwenyewe, Bríd hakumpata tena.

Tunakunywa chai katika chumba cha matandiko ya farasi wakati mkufunzi, Cathal Minogue, anapoingia. Hakai, wala buti havui.

"Bríd, wamekubali. Wa Hong Kong."

"Wamekubali nini? Hajakimbia bado."

"Hawangoji. Ashinde, asishinde, wamemchukua. Lori linakuja Jumatatu."

"Kikundi kinajua?"

"Wametia saini wote. Hata Padri Lorcan."

"Hata padri! Na peremende zote zile alizokuwa anamlisha!"

"Ningefanyaje, dada yangu? Nusu ya vizimba ni vitupu. Bila hela hii nafunga kabla ya Krismasi, na wewe unakosa kazi."

"Nimekulaumu?"

"Hujasema kitu. Ila unavyoniangalia."

"Ndivyo nilivyoumbwa. Baba yako alizoea."

Cathal anabaki amesimama mlangoni.

"Unajua hapandi lori kwa mtu mwingine," anasema hatimaye.

Ni kweli. Kiazi aliteleza kwenye ubao wa kupandia lori akiwa mdogo, na tangu hapo waliojaribu kumpandisha kwa kamba wametoka wakichechemea. Humfuata Bríd tu.

"Wanasema watampiga sindano ya kumlegeza."

"Hawampigi sindano yoyote," Bríd anasema. "Nenda kanywe chai yako, Cathal."

Akishaondoka, Bríd anazungumzia Jumapili. Atamsuka manyoya ya shingo, maana kuna zawadi ya farasi aliyetunzwa vizuri kuliko wote, na atamwongoza mwenyewe mbele ya watazamaji.

"Sasa ashinde," anasema. "Kuna nini tena cha kuficha? Awaache wote kwenye tope, hata mara moja."

Na Jumatatu?

"Nitatangulia mimi, naye atapanda. Nitamfunga kamba, nitamwekea nyasi zake, nitatoka kwa kile kimlango cha mbele. Siku zote nikitokea pale nakwenda kukaa na dereva, tunasafiri pamoja."

Anajifuta pua kwa mkono wa koti.

"Atafikiri nipo mbele. Hatasumbua mtu mpaka uwanja wa ndege."