Sarafu ya Korongo Wawili

Lanyero alikuwa akipima mchele wa Mubuku sokoni Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, alipoletewa habari kwamba rafiki yake Chérie amekamatwa. Walimkuta na pesa bandia, aliambiwa. Alipouliza ni pesa gani, akajibiwa: sarafu moja ya shilingi mia tano, yenye korongo pande zote mbili.

Akaacha kupima. Sarafu hiyo ni yeye aliyempa.

Alikuwa ameikuta kwenye chenji yake mwezi uliopita. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha korongo kama kawaida. Upande wa pili, badala ya nembo ya taifa, alikuwepo korongo yuleyule, ila amegeuzwa na kuzama ndani, kama alama ya kidole kwenye udongo mbichi. Chérie aliipenda, na Lanyero akampa. Walicheka, wakaisahau.

Chérie aliuza vitenge. Alivuka mpaka kutoka Butembo, upande wa Kongo, akikimbia vita. Lanyero naye alikuwa mgeni, Mwacholi kutoka kaskazini aliyemfuata mumewe, koplo Omara, hadi kambi ya polisi ya Bwera. Katika mwaka wake wa kwanza pale, alipojifungua bila ndugu karibu, ni Chérie aliyemchemshia maji na kukaa naye hadi alipopata nguvu.

Lanyero alimkuta Omara mlangoni pa nyumba yao kambini. Habari ilikuwa imemtangulia.

"Usiende kule," Omara alisema kwa sauti ya chini. "Sarafu bandia zimejaa soko hili. Ukisema ilitoka kwako, wataniuliza mimi. Watasema zinatengenezwa kambini."

"Na yeye je?"

"Yeye watamrudisha kwao."

"Kwao kuna nini cha kurudia?"

Lanyero akavua aproni, akaiweka juu ya kiti, akatoka.

Kituoni Chérie alikuwa ameketi sakafuni, viatu amevuliwa. Afande Kiiza, mkuu wa zamu, alikuwa akijiandaa kumpeleka Kasese, mji mkuu wa wilaya.

"Mie niko mutu wa kuuzisha bitenge tu, afande," Chérie alikuwa akisema. "Ile feza walinipatia hapa hapa mu soko."

"Nani alikupa? Sema jina."

Chérie alimwona Lanyero mlangoni, akainamisha macho. Hakutaja jina.

"Ni mimi nilimpa," Lanyero alisema.

Kiiza aligeuka. Alimjua ni mke wa nani. "Basi nyinyi wawili mtaingia gari."

"Tutaingia, afande. Lakini Kasese kuna mzee Byamukama, alifanya kazi benki miaka mingi. Anakusanya sarafu. Tupite kwake kwanza. Akisema ni bandia, endelea na sisi."

"Na wewe unamjua aje?"

"Ananunua mchele kwangu."

Kiiza aliigeuza sarafu kiganjani. Mwishowe akasema, "Panda."

Gari lilipita njia panda ya Kikorongo, likaelekea Kasese. Lanyero alimfikiria mtoto wake, na Omara akivuliwa sare. Hakuwa na hakika na sarafu ile hata kidogo. Huenda kweli kuna mtu aliyeitengeneza. Mkono wa Chérie ulikuwa juu ya wake, baridi, na Lanyero hakuuondoa.

Byamukama aliwapokea sebuleni. Aliitazama sarafu mara moja, uso ukakunjamana.

"Niliwahi kununua kama hii," alisema. "Ilikuwa ya uongo. Mtu anachukua sarafu mbili nzuri, anazibana pamoja kwenye jiriwa ya fundi. Korongo wa moja anaingia mgongoni mwa nyingine."

"Kwa hiyo ni bandia," Kiiza alisema.

"Sijasema hivyo. Ngoja."

Aliipima kwenye mizani ndogo pamoja na sarafu ya kawaida. Uzito ulilingana. Hiyo peke yake haitoshi, alisema, kwa sababu hata iliyobanwa haiongezeki uzito. Akavaa kioo cha kukuzia jichoni, akasogea dirishani, akailaza ili mwanga uipige ubavuni.

"Ikiwa ilibanwa, nembo ya taifa itakuwa imebaki chini ya korongo huyu. Haifutiki yote."

Akaisogeza sarafu karibu zaidi na jicho. "Kuna mstari hapa."

Kiiza akasimama. Chérie akaanza kusali kwa midomo tu. Byamukama alichukua njiti ya meno, akaukwaruza mstari taratibu, akapuliza. Akatazama tena, kwa muda mrefu kuliko mwanzo.

"Uchafu," alisema. "Chini hakuna kitu. Na korongo wa upande wa juu hajabonyea, manyoya yote yapo. Sarafu iliyotangulia ilinata kwenye mashine, hii ikagongwa juu yake, ikachukua alama ya korongo wake. Ni kosa la kiwandani, afande. Hakuna mtu aliyeitengeneza."

"Una hakika?"

"Naweza kuja kusema hivyo popote utakaponiita."

Kiiza alivaa kofia yake. "Mama, chukua viatu yako kwa gari," alimwambia Chérie. Hakuomba radhi.

Byamukama alitaka kuinunua. Chérie alimsukumia mezani. "Bakia nayo, papa. Sitaki kuiona tena." Mzee alikataa kuichukua bure. Akamlipa vizuri, na Chérie akazipokea noti bila kuzitazama.

Omara alikuwa amesimama kwenye lango la kambi waliporudi. "Ilikuwa ya kweli," Lanyero alimwambia. Aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani, na siku kadhaa hawakuongea zaidi ya yale ya lazima.

Sokoni ilikuwa vigumu zaidi. Wateja waliendelea kuipita meza ya Chérie kana kwamba bado yuko sakafuni pale kituoni. Basi Jumanne, siku ya soko kubwa, Lanyero alihamisha magunia yake ya mchele, akayapanga kando ya vitenge vya rafiki yake, na kila aliyekuja kununua mchele ikambidi asimame hapo.