Anasanifu mtambo utakaomtoa dada yake kazini

Saa mbili kasoro asubuhi, na Mama Ramani ameshauzunguka mtambo wake mara saba. Anainama, anagusa skrubu, anainuka, anaguna. Chai yake imepoa juu ya boksi la vipuri na hana habari nayo.

Jina hilo alibandikwa kiwandani kwa sababu hatembei bila michoro kwapani. Ana miaka thelathini na minne, na amepewa kazi ya kusanifu mtambo wa kuunga feni za mezani bila mikono ya watu. Mikono hiyo ni ya wanawake tisa. Mmoja wao ni dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki.

"Chakula hakipiti," anasema. "Nikifaulu, dada anakaa nyumbani. Nikishindwa, nakaa mimi."

Mwezi uliopita aliwapima akina mama hao kwa saa, hatua kwa hatua, kisha akaupangia mtambo hatua zilezile. Feni mia za kwanza zilitoka haraka ajabu. Sitini zilitetemeka mpaka zikatembea mezani. Meneja akauliza kama anauza feni au kuku.

Mama Ramani alikagua mtambo siku tatu, wapi! Ndipo dada yake akamwambia, kwa aibu kidogo, kwamba siku zote kabla ya kukaza panga la feni wao hulizungusha kwa kidole na kulitazama, likiyumba, huligeuza. Siku ya kupimwa waliiruka hatua hiyo, wote tisa, kwa kukubaliana.

"Bosi alikuwa amesimama nyuma yako," dada alimweleza. "Hatukutaka mdogo wetu aonekane kapewa watu wazito wa mikono."

Mama Ramani anacheka akisimulia, kisha machozi yanamlenga. Walikuwa wanaharakisha kuondolewa kwao ili yeye apate sifa. Inauma, jamani, hata kwa anayeandika tu.

Mchoro mpya una mashine za kubeba na kukaza, na katikati meza yenye viti vinne vya kukagua panga kwa mkono. Meneja atauona Ijumaa, na ameshasema hataki kuona kiti.

Juzi alimwambia dada yake kwamba kiti kimoja ni chake. Dada aliuliza wale watano waliobaki watakaa wapi, kisha akasema: "Chora tisa, mdogo wangu, au mimi usinichoree."

Tangu hapo anafuta na kuchora. Ijumaa anataka kuingia na viti tisa, na mpaka sasa ameweza kupenyeza sita.