Sekretere wa Mume Wangu

Tulikuwa wanawake wanne wa mtaa wa Mangobo. Kila siku saa sita mchana tulichanga mega za intaneti, tukaegemeza simu moja kwenye cherehani yangu, tukatazama zile tamthilia za mapenzi ya ofisini. Zilirekodiwa katika chumba cha kuazima, meza moja na pazia moja, bosi yule yule na sekretere yule yule. Sauti haikulingana na midomo. Hatukujali. Tulilia, tukatukana, tukamwonya mke aliyekuwa akipiga pasi shati bila kujua lolote. Mimi ndiye niliyekuwa mjuaji wao, dalili zote nilizikariri. Mwanamume asiyeona nywele mpya za mkewe ana nywele nyingine za kutazama. Mlango wa ofisi ukifungwa mchana, humo ndani hakuna kazi.

Basi mume wangu, karani katika ofisi moja mjini, akaacha kuona nywele zangu. Nilisuka, akanyamaza. Nikavaa kitenge kipya cha Jumapili, akaniuliza kwa nini sijabadilisha nguo. Nilikonda kwa wivu. Kisha mmoja wa wenzangu akaja mbio kutoka sokoni.

"Mama, ule sekretere wa ofisi ya bwana yako alimushika mukono pale barabarani. Mi mwenyewe niliona na macho yangu!"

"Alors, unangoja nini?" mwingine akadakia. "Twende leo leo!"

Tukaenda, pikipiki mbili. Sikubisha hodi. Nilisukuma mlango nikawakuta vichwa vimegusana, mdomo wa yule mwanamke sikioni mwa mume wangu. Nikamwaga maneno yote niliyofundishwa na simu, nikamzaba kofi, wenzangu wakipiga mayowe koridoni. Mkubwa wao akatoka kuona kuna nini.

Sekretere alikuwa ameshika barua. Alikuwa akimsomea, na ilimbidi aseme hivyo mbele ya mkubwa. Macho ya mume wangu yalikuwa yamefifia, miezi sasa haoni herufi, na huyu mwanamke alimsomea kila karatasi kwa sauti ya chini, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi, jioni akamvusha barabara kwa sababu ya pikipiki. Mlango ulifungwa ili mkubwa asijue.

Mkubwa akaichukua ile barua, akampa mume wangu.

"Bon, papa. Soma."

Akaipokea, akaishika juu chini.

Nyumbani nilimuuliza, "Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungeambia wale wamama yako. Kesho Mangobo yote ingejua."

Alisema kweli, na hicho ndicho kinachonichoma mpaka leo. Yule sekretere sijaenda kumwomba radhi. Naona haya. Kila wiki najiambia nitaenda wiki ijayo.

Barua ya kumfukuza kazi ililetwa Jumatatu, watoto wakiwa shuleni. Wenzangu walikuwa wameshafika na simu yao, wakiniita nje, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumsomea. Nikafunga mlango ili wasisikie, nikasogeza mdomo sikioni mwake, nikasoma mpaka mwisho, mbio mbio, nimalize.

Akageuzia uso ukutani.

"Yeye alikuwa anasoma pole pole," akasema.

Nikaanza upya.