Mali Inayohamishika

Shule niliiacha mapema, lakini Kiswahili cha magari nakijua. Ndicho kilichoniponza wiki iliyopita.

Kampuni yetu hapa Karatu ni mimi, Hamisi mwenye duka, na Landikruza moja ya kupeleka wageni kreta kuona wanyama. Wageni wameadimika, Hamisi akataka kutoka. Ama nimnunulie sehemu yake, ama gari liuzwe. Bei ikatushinda, tukamwita mthamini, binti mmoja wa Arusha.

Akaniambia kwenye simu, "Kiwanja ni cha kupanga, kwa hiyo nitathamini mali zinazohamishika tu."

Neno hilo nililigeuzageuza kichwani mpaka chai ikapoa. Nikaona, kumbe gari lisilohamishika halina bei, na mimi nitamlipa Hamisi kidogo. Alfajiri nikang'oa tairi zote. Gari likalala juu ya mawe kama kuku anayeatamia. Kuku wangu wa kule kijijini Daa hukaa hivyohivyo, tena ana hasira. Basi, nikatandika shuka, nikakaa kuwasubiri.

"Shikamoo mzee," binti akanisalimu walipofika na Hamisi.

"Marahaba mwanangu. Bahati mbaya, gari halihamishiki."

Binti akalizunguka taratibu. "Mzee, inayohamishika ni kila mali isiyo ardhi wala jengo. Hata sufuria."

Nikataka kumuuliza kuhusu kuku. Hamisi hakuwa akitazama gari, alinitazama mimi.

"Mzee Bura, mbona leo umekaa juu hivyo?"

"Naomba usimame, mzee," binti akasema. "Tuanzie hapo."

Nikasimama, nikaivuta shuka. Tairi zote zilikuwa chini yangu, bado zina joto langu.